Samaki Wengi, Maji Machache

Wilaya ya Korogwe si ngeni katika habari za samaki. Tangu 1955 vitabu vya sayansi vinamtaja perege mmoja wa bonde la Pangani kwa jina la Korogwe. Majaribio ya kwanza ya kufuga perege nchini nayo yalianzishwa huko mwaka 1949, pamoja na yale ya Malya, Mkoa wa Mwanza. Kufikia 1968, kwa mujibu wa taarifa za FAO, Tanzania ilikuwa na mabwawa yapatayo 8,000. Lakini mengine yalikuwa na eneo la meta za mraba 20 tu, mavuno yakawa haba, na mengi yakaachwa kwa sababu ya uangalizi mbaya. Hata kampeni ya taifa ya 1967 haikufua dafu.

Mwalimu au mtumishi wa Mnyuzi anayekusudia kuchimba bwawa nyuma ya nyumba au shuleni hana budi kuanza na swali moja: maji yake yataweza kubeba samaki wangapi? Samaki huishi ndani ya uchafu wake mwenyewe. Hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa namna moja huigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu vilevile. Wa namna nyingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo mimea huitumia kama mbolea. Katika matangi ya kioo yanayopamba sebule za mijini, kazi hiyo hufanyika ndani ya chujio linaloendeshwa kwa umeme. (Na wako wanaoliosha chujio kwa maji ya bomba yenye klorini hadi ling'ae, wakawaua bakteria wote, kisha wakashangaa samaki kufa.) Bwawa la kijijini halina chombo hicho. Chujio lake ni tope la chini, kingo zake na mwani wa kijani, na chujio hilo halipanuki kwa kuwa mwenyewe ameongeza ndoo ya vifaranga.

Bwawa la meta 10 kwa 20, lisilo na mashine ya hewa, litoshe kwa vifaranga 400, au 600 kwa mwenye uangalifu mkubwa. Akimwaga 2,000 hatavuna mara tano zaidi, atavuna vidagaa. Tena perege hangoji ruhusa ya mtu: akifikia miezi mitatu au minne huanza kuzaa, na bwawa lililoanza kwa kipimo sahihi likafurika watoto. Ndiyo maana wataalamu hushauri kufuga madume peke yao, au kutia kambare wachache wawale watoto, au kuvua mara kwa mara. Taarifa inayotaja idadi ya vifaranga waliogawiwa bila kutaja kilo zilizovuliwa haijasema lolote.

Yako pia maji yenyewe. Mnyuzi ni nchi ya mkonge, na maji yanayotekwa chini ya kiwanda cha mkonge huja na mabaki yanayooza. Uozo huo hula oksijeni kabla samaki hawajaipata. Pale Hale, jirani tu, mabaki hayo yamekwisha kutumiwa kuzalisha gesi na umeme, kwa hiyo hakuna udhuru wa kuyatupa mtoni.

Mwani nao una kiasi chake. Mkono ukizamishwa hadi kiwiko na kiganja kisionekane kabisa, samadi imezidi. Usiku mwani wenyewe huvuta oksijeni badala ya kuitoa, na hatari huwa kubwa alfajiri. Samaki wakionekana juu wakitweta kabla ya jua kuchomoza, pumba zisitishwe siku hiyo, maji mapya yaingizwe, na sehemu ya samaki ivuliwe mara moja, hata kama mwalimu mkuu alikwisha panga kuwaonyesha wageni bwawa lililojaa.