AFYA YA JAMAA: Dawa ya Kusafishia Isiyoua Vema

Tangu Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, na hasa tangu mgonjwa wa kwanza alipoonekana hapa Goma katika Julai 2019, watu wa mji wetu wameizoea sana harufu ya klori. Penye malango ya makanisa, ya shule na ya masoko paliwekwa ndoo zenye bomba, na kila mtu alinawa kabla ya kuingia. Desturi hiyo ilikuwa njema, wala hatusemi kwamba haikufaa. Lakini wako wazazi wadhanio kuwa, kwa kuwa dawa yaua vijidudu, kuitia kidogo kidogo mahali pote na siku zote ndiyo kuzidi usafi. Juu ya wazo hilo twataka kusema neno.

Kwanza tukumbuke Julai 1994. Kwa siku chache tu wakimbizi zaidi ya laki tano walivuka mpaka kutoka Rwanda. Wengi walikunywa maji ya Ziwa Kivu yasiyosafishwa, tena kuchimba vyoo kulikuwa kazi ngumu mno, kwa kuwa ardhi yetu ni mwamba wa volkano. Kipindupindu kilizuka, kikafuatwa na kuhara damu, na katika mwezi mmoja wakafa watu karibu 50,000. Waganga walipovipima vijidudu vya kipindupindu, waliona kwamba tetrasiklini na doksisiklini, dawa zilizozoeleka, haziviui tena. Vile vya kuhara damu navyo vilikuwa vimezishinda dawa nyingi. Mgonjwa wa kipindupindu aliweza kuokolewa kwa kurudishiwa maji na chumvi mwilini. Bali mwenye kuhara damu kali ahitaji antibiotiki iliyo na nguvu bado. Isipokuwapo, mganga afanyeje?

Usugu wa namna hii huzaliwa hasa na antibiotiki zenyewe zikitumiwa ovyo. Lakini siku hizi wataalamu wametambua kuwa dawa za kusafishia nazo zaweza kuusaidia, na sababu yake si ngumu kuifahamu. Vijidudu vingi vina kitu kama pampu ndogo katika ngozi yao, ambayo kwayo hutoa nje sumu iliyoingia. Dawa ikiwa hafifu, vilivyo dhaifu hufa. Vyenye pampu nyingi hubaki, vikazaana. Na pampu ile ile iliyotoa dawa ya sakafu yaweza kuitoa na dawa ya mgonjwa. Tena vijidudu hupeana urithi kama majirani wapeanavyo moto: katika furushi moja mna kinga ya dawa ya kusafishia pamoja na kinga ya antibiotiki, na kipokeacho moja kimeipokea na ya pili.

Hata hivyo dawa zote si sawa. Klori, ambayo wengi huiita javeli, hukishambulia kijidudu pande nyingi kwa mara moja, kisha huisha. Alkoholi hukauka upesi. Bali benzalkoniamu na triklosani hukawia majini na mifereji inamopita maji machafu, zikizidi kupungua nguvu, na hapo ndipo vijidudu hujifunzia. Katika Septemba 2016 serikali ya Marekani ilikataza triklosani na vitu vingine 18 katika sabuni za kunawia za majumbani, kwa sababu watengenezaji hawakuweza kuonyesha kwamba sabuni hizo zashinda sabuni ya kawaida na maji, wala kwamba ni salama zikitumiwa kila siku.

Basi yatupasa nini, sisi wenye nyumba?

Kwa mikono, vyombo na nguo za kila siku, sabuni ya kawaida na maji yatosha. Sabuni huking'oa kijidudu na kukichukua, hata isipokiua.

Klori tuiweke kwa kazi yake: maji ya kunywa, choo, na nyumba yenye mgonjwa wa kuambukiza. Ichanganywe kwa kipimo cha kituo cha afya, itengenezwe mpya kila siku, ifunikwe isipigwe na jua. Uchafu huila nguvu yake. Kwa hiyo sakafu ya kawaida isuguliwe kwanza kwa sabuni. Isichanganywe kamwe na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia, maana hutoa hewa yenye sumu. Maji ya ziwa yaliyotiwa klori yangojewe nusu saa kabla ya kunywewa, au yachemshwe.

Antibiotiki zisinunuliwe mbili tatu dukani kwa kukisia ugonjwa. Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya tangu 1945 kwamba mwenye kumeza kipimo pungufu huvifundisha vijidudu kuishinda dawa.

Nanyi wanafunzi, mkifika nyumbani waelezeni mama na dada zenu habari hizi kwa heshima, kwani ndio wabebao bidoni kutoka ziwani na kufua nguo za wagonjwa. Amri ya tano yatudai kuulinda uhai wetu na wa jirani. Kijidudu sugu kilichozaliwa uani mwetu hakitauliza jina la mwenye nyumba kabla ya kuvuka ua kwenda kwa mtoto wa jirani.