Mlio Kabla ya Tairi
Jumatano jioni, mvua ya mawe ilipopita Kiptere, barabara ya kwenda Sondu ilibaki nyeupe kwa muda, barafu imetapakaa na majani ya chai yamechanika, na hapo ndipo Subaru Impreza iliyoshushwa chini ikaja kwa kasi, ikateleza ubavu, ikaishia mtaroni. Kijana alitoka mzima, tukamshukuru Mungu. Nilichutama nikatazama tairi zake: pana, rimu zinang'aa, na kipara kabisa. Naelewa mapenzi ya gari hili. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na mlio wake bado hunisisimua. Lakini kuondoka ni kazi ya injini, kusimama ni kazi ya tairi. Magurudumu manne yakivuta yatakutoa matopeni. Ukikanyaga breki juu ya barafu, hayakusaidii kitu. Ujerumani, nyumbani kwa Porsche, tangu 2010 sheria inadai tairi za majira ya baridi barabara ikiwa na theluji, maana mpira wa tairi za kawaida hukakamaa kwenye baridi kali. Theluji hatuna, ila hapa kwetu Kericho hupigwa na mvua ya mawe mara nyingi mno, na aghalabu ni alasiri, wachuma chai wakitoka kupima majani na watoto wakirudi kutoka shule, wote ukingoni mwa lami. Kumlipa fundi akukuzie mlio wa ekzosi huku tairi ni kipara ni kuwadharau watu hao. Na fundi anayeombwa kushusha springi, kwanza akague tairi.