KURA IHESABIWE MBELE YA MACHO YETU



Wengi kati yetu hapa Obunga wamekwisha kusema kwamba hawatapiga kura tena. Hatuwalaumu. Uchaguzi wa tarehe 27 Disemba 2007 uliisha kwa damu. Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika Kenya, na baadaye tume ya Jaji Kriegler ikasema haiwezekani kujua kwa hakika nani alishinda. Watu wamekwisha kuzikwa, na mshindi hajulikani!

Hebu tazameni hasara ilimwangukia nani. Januari 2008 reli iling'olewa Kibera, na mizigo ya Uganda ikakwama. Treni isipopita, kibarua wa kutwa hapati posho. Na mama akaangaye mgongo wazi hapa Obunga hana wa kumwuzia, maana mnunuzi wake ni huyo huyo kibarua. Wakubwa walitia sahihi mapatano tarehe 28 Februari, wakagawana vyeo. Mkaanga samaki hakugawiwa kitu.

Sisi wa reli twajua kwamba mabehewa huhesabiwa treni ingali imesimama stesheni, si mwisho wa safari. Kura ni vivyo hivyo. Juni 2017 Mahakama ya Rufani ilisema matokeo ya urais yaliyotangazwa jimboni ni ya mwisho, Nairobi haina ruhusa kuyageuza. Mwaka 2022 fomu 34A za vituo ziliwekwa wazi katika intaneti, kila mwenye kutaka akajumlisha mwenyewe. Walioshindwa hawakuridhika, wakaenda mahakamani, wakashindwa huko pia. Lakini kazi haikusimama kama mwaka 2008. Hilo si dogo kwa mji ambao treni yake ya abiria ilirudi Disemba 2021 tu, baada ya miaka mingi ya kungoja.

Nasi tusijitie usafi. Kura za tawi letu zilizopita zilihesabiwa mlango umefungwa. Mlinung'unika, na mlikuwa na haki. Safari ijayo zitahesabiwa nje, uwanjani, mkitazama.

Uchaguzi wa nchi umewekwa Agosti 2027. Jiandikisheni. Awezaye na awe wakala wa chama cho chote akipendacho, akae kituoni mpaka fomu itiwe sahihi na kubandikwa mlangoni, hata kama ni usiku wa manane. Atakaye kubadilishana zamu siku hiyo amwone katibu wa tawi mapema, si asubuhi ya uchaguzi.