Homa Iliyovuka Bahari



Wako wanaodhani kwamba mtu akaaye kisiwani amekingwa na maji, na ya kuwa maradhi hayamfikii upesi. Basi na tutazame yaliyotokea Lamu katika mwaka 2004.

Mwaka ule kulikuwa na ukame, na watu waliweka maji majumbani katika mitungi, mapipa na mabirika. Humo wakazaliwa mbu wenye madoadoa meupe miguuni, ambao huuma mchana. Wakaeneza homa iitwayo chikungunya. Jina hilo ni la Kimakonde, na maana yake ni kukunjika, kwa kuwa mgonjwa huinama kwa maumivu ya viungo. Damu za watu zilipopimwa baadaye, ilionekana kwamba watu 3 katika kila 4 walikwisha ambukizwa.

Homa hiyo haikukaa Lamu. Ilifika Mombasa mwaka ule ule, na mwanzo wa mwaka 2005 ikaingia Komoro, kisha Réunion, ambako watu zaidi ya 260,000, yaani theluthi ya wenyeji wote, waliugua hata kufikia mwaka 2006. Bahari haikuizuia, kwa maana ilisafiri katika damu ya abiria. Mbu wa huko alimwuma mgeni, kisha akamwuma mwenyeji.

Homa hii haina dawa maalumu ya kuiponya, na maumivu yake huweza kudumu miezi mingi. Mkulima asiyeweza kushika jembe miezi mitatu atavuna nini? Kwa hiyo yatupasa kufanya mambo mawili.

Kwanza, watu wawili au watatu wa nyumba moja wakishikwa na homa pamoja na maumivu makali ya viungo, habari ipelekwe zahanati siku ile ile, wala wasinywe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Mgonjwa naye alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu wasichukue ugonjwa kwake na kuupeleka kwa jirani.

Pili, vyombo vya maji vifunikwe vema, tena visuguliwe kila juma. Kumwaga maji tu hakutoshi, kwani mayai ya mbu hushika kando za chombo, nayo huweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa, yakingoja maji mapya.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Ewe msomaji, ukimaliza kusoma gazeti hili, inuka ukautazame mtungi wako.