Joto la nyoka lisigeuke moto

Wengi wetu tukimwona nyoka huwa tunatafuta rungu. Lakini ikiwa una mwana anayesomea Uingereza au Marekani, usishtuke akikuarifu kwamba anafuga chatu chumbani mwake. Huko, wengi hupenda chatu mdogo mwenye asili ya Afrika Magharibi na ya Kati, Python regius kwa jina la kisayansi. Hana sumu. (Hapa Kenya usijaribu: kufuga nyoka wa porini bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013.)

Shida kubwa ya mfugaji wa ng'ambo ni baridi. Nyoka hawezi kujitengenezea joto mwilini kama sisi. Akikosa joto, panya aliyemmeza hasagiki tumboni, na huenda akamtapika. Ndiposa mfugaji hukimbilia kununua mkeka wa umeme au balbu. Hapo ndipo hatari huanzia.

Usidhani nyoka ataondoka upesi joto likizidi. Mara nyingi hubaki amelala papo hapo hadi ngozi ya tumbo ikaungua. Tena, mkeka usiodhibitiwa waweza kuteketeza chumba kizima. Basi mwambie mwanao azingatie haya:

Kwanza, anunue thamostati kabla ya kifaa chochote cha joto. Hiki ni kifaa kinachopunguza au kukata umeme joto likifikia kiwango kilichowekwa. Kihisi chake kifungwe imara pale penye joto zaidi, kwani kikianguka kitasoma joto la mahali pengine.

Pili, apashe joto upande mmoja tu wa sanduku, uwe kama nyuzi 31 au 32 za Selsiasi. Upande wa pili uwe kati ya 24 na 27. Kila upande uwe na pa kujificha, ili nyoka ajichagulie mwenyewe.

Tatu, balbu ya ndani izungushiwe wavu, maana nyoka hupenda kujiviringisha penye joto. Mawe ya umeme ayaepuke kabisa. Yamechoma nyoka wengi.

Nne, aweke kipimajoto kila upande, na mtambo mzima ufanye kazi siku nzima kabla ya nyoka kuingizwa. Waya uliochubuka au soketi iliyojazwa plagi hadi ikafurika asivivumilie.

Umeme ukipotea, asiwashe mshumaa wala jiko. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa yatosha kwa saa chache. Na nyoka akiungua, asimpake mafuta. Ampeleke kwa daktari wa mifugo bila kukawia.

Mwanao akipiga simu wikendi hii, muulize swali moja tu: thamostati iko wapi? Akianza kugugumia, mwambie azime huo mkeka, ampashe nyoka wake joto kwa chupa ya maji, kisha aende dukani siku hiyo hiyo.