Kuna mnyama gani ndani ya pakiti ya pipi?

Mama mmoja msomaji wa ukurasa huu, mkazi wa Tabata, ameniletea swali ambalo naamini lipo kwenye nyumba nyingi. Binti yake wa miaka sita alirudi kutoka kwenye bethidei ya mwanafunzi mwenzake na kifuko cha zawadi: penseli, puto, biskuti na pakiti ndogo ya pipi za jeli zenye umbo la dubu. Pipi ziliisha njiani. Jioni kaka yake wa darasa la saba akaokota pakiti, akasoma nyuma yake neno "gelatin", akatangaza mbele ya nyumba nzima kuwa mdogo wake amekula nguruwe. Familia ni Waislamu. Mtoto alilia mpaka akapitiwa na usingizi.

Mama anauliza mambo mawili. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, amwambie nini mtoto?

Kaka mtu tumsifu kwa jambo moja: alisoma pakiti. Wazazi wengi tunaangalia bei na tarehe ya mwisho wa matumizi, basi. Tatizo ni kwamba alisoma neno moja akafika moja kwa moja kwenye hukumu, na neno lile peke yake halitoshi.

Jelatini unaijua hata kama jina ni geni. Chemsha makongoro kwa saa kadhaa, kisha acha supu ilale kwenye friji. Asubuhi utaikuta imeganda, na ukiitikisa sufuria nayo inatikisika. Kilichoigandisha ni jelatini iliyotoka kwenye ngozi, mifupa na kano za miguu ya ng'ombe. Viwandani wanafanya jambo hilohilo kwa wingi, wanachuja na kukausha mpaka wanapata unga usio na harufu wala ladha. Unga huo ndio unaoifanya pipi ya jeli ivutike halafu irudi.

Sasa swali ni miguu ya nani. Inaweza kuwa ya ng'ombe, inaweza kuwa ngozi ya nguruwe, hata ya samaki. Ulaya, jelatini nyingi ya chakula hutoka kwenye ngozi ya nguruwe. Nchi zenye Waislamu wengi hutumia zaidi ya ng'ombe. Haribo, kampuni ya Ujerumani inayojulikana duniani kwa pipi hizi za dubu, hutumia jelatini ya nguruwe kwenye pipi zake za kawaida za Ulaya, lakini ina kiwanda Uturuki kinachotengeneza pipi za halali kwa jelatini ya ng'ombe. Umbo ni lilelile la dubu, rangi ni zilezile. Mtoto hawezi kutofautisha, na wewe pia huwezi bila kugeuza pakiti.

Kwa hiyo, mama wa Tabata, tafuta neno linalokaa karibu na jelatini. Likiwa "bovine" au "beef", ni ng'ombe. Likiwa "porcine" au "pork", ni nguruwe. "Fish" haihitaji maelezo. Kama jelatini imeandikwa peke yake bila mnyama, tafuta alama ya halali yenye jina la taasisi iliyothibitisha. Hapa kwetu BAKWATA hutoa vyeti hivyo, na Kenya kuna Kenya Bureau of Halal Certification. Alama isiyosema ni nani aliyethibitisha mimi siipi uzito, maana yeyote mwenye kompyuta anaweza kuichora. Na hata ikiwa ni ng'ombe, kwa Mwislamu bado lipo suala la namna alivyochinjwa. Hilo muulize sheikh wako, si mwandishi wa gazeti.

Kuhusu mtoto, jibu ni jepesi kuliko unavyodhani. Katika Uislamu aliyekula kitu bila kujua hana dhambi, na mtoto wa miaka sita bado hajafikia umri wa kuandikiwa. Mwambie hivyo kwa maneno yake: hukujua, hujakosea, safari nyingine tutasoma pamoja kabla ya kufungua. Mwambie kaka yake pia, tena wakiwa wote wawili, kwa sababu kilichomliza binti hakikuwa pipi. Ilikuwa ni kutangaziwa.

Na mwenye bethidei asitumiwe ujumbe mkali kwenye kundi la wazazi. Aliyenunua pakiti thelathini Kariakoo hakukusudia kumkwaza mtu. Darasa moja siku hizi lina Mwislamu, Msabato asiyekula nguruwe, na Mhindu asiyekula ng'ombe, ambaye kwake hata jelatini "nzuri" ya Uturuki haifai. Ukiandaa vifuko vya darasa zima, jeli ni chaguo la mwisho. Weka ubuyu. Rangi ya ubuyu tutaijadili siku nyingine.

Jelatini haiishii kwenye pipi. Iko kwenye zile pipi laini nyeupe na za pinki zinazobonyea kama sponji, kwenye baadhi ya mtindi mzito na aiskrimu, na kwenye maganda ya dawa za kapsuli. Hapo kwenye kapsuli nataka tusimame kidogo, kwa sababu nasikia wazazi wanaosita. Matone ya vitamini A ambayo watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano hupewa kila baada ya miezi sita huja ndani ya kapsuli laini, na ganda lake kwa kawaida ni jelatini. Lakini mtoto halimezi ganda. Mhudumu hukata ncha, hukamua matone mdomoni, ganda linatupwa. Mpeleke mtoto.

Tuje kwenye rangi. Mtindi wa stroberi, pipi nyekundu, aiskrimu ya pinki, hata baadhi ya soseji: nyekundu ile inaweza kutoka kwa mdudu. Jina lake kwenye pakiti ni karmini, kochinili, au namba E120. Ni mdudu mdogo anayeishi kwenye dungusi kakati, ule mmea wa miiba wenye majani mapana kama viganja. Peru ndiyo mzalishaji mkubwa. Wanamkusanya, wanamkausha, wanamsaga, na kupata kilo moja ya rangi kunahitaji wadudu zaidi ya 100,000. Kazi hii si ya juzi. Watu wa Amerika ya Kusini na Meksiko walipaka nguo rangi hiyo kabla Wazungu hawajafika.

Mwaka 2012 kampuni ya kahawa ya Starbucks huko Marekani ilibanwa na wateja wasiokula kitu chochote cha mnyama, baada ya kujulikana kuwa kinywaji chake cha stroberi kina rangi hiyo. Ikaahidi kubadilisha na kutumia rangi itokanayo na nyanya. Kabla ya hapo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilikuwa imeshatoa kanuni, iliyoanza kutumika Januari 2011, kwamba rangi hii itajwe kwa jina kwenye pakiti. Sababu haikuwa kinyaa. Ni kwamba wapo watu wachache ambao miili yao huikataa kwa nguvu, na walikuwa hawana namna ya kujua wanakula nini.

Ndugu zangu wa Bukoba najua mnacheka. Anayesubiri msimu wa senene kwa hamu hawezi kutishwa na mdudu wa Peru. Ni kweli, na mimi sioni ubaya wa mdudu. Tofauti ni kwamba senene unamwona kwenye sahani, na ukimtaka unamla.

Mdudu mwingine yuko kwenye mng'ao. Vile vipipi vya duara vya chokoleti vinavyong'aa, na baadhi ya dawa za vidonge, hupakwa utomvu unaotolewa na mdudu wa miti ya India na Thailand. Huitwa shelaki, namba yake E904. Mafundi wa samani wameutumia miaka mingi kung'arisha mbao. Hauna madhara, ila ndio hivyo.

Nikitaja namba hizi najua kinachofuata: utanitumia ile orodha ya WhatsApp. Inazunguka miaka nenda rudi, yenye namba za E nyingi na onyo kwamba zote ni mafuta ya nguruwe. Naomba uifute. Herufi E inamaanisha tu kwamba kiambato kimekubaliwa kutumika Ulaya. E100 ni rangi ya manjano, haya haya ya kwenye pilau. E300 ni vitamini C. E330 ni asidi ya limau. Inayozua maswali ya kweli ni E471, kilainishi cha mikate, biskuti na aiskrimu. Hutengenezwa kwa mafuta, na mafuta yanaweza kuwa ya mawese, soya, au ya mnyama. Pakiti hailazimiki kusema ni yapi. Kiwanda kikiandika kuwa ni ya mimea, vizuri. Kisipoandika, namba ya simu ya mtengenezaji iko pale pale chini, piga. Kuna wanaojibu.

Neno jingine la kuficha ni "flavour", yaani ladha. Mwaka 1990 McDonald's ya Marekani ilitangaza kuwa haitakaanga tena chipsi kwa mafuta ya ng'ombe, itatumia ya mimea. Wahindu na wasiokula nyama wakazila kwa amani. Baadaye ikajulikana kuwa chipsi zilikuwa zikitiwa ladha yenye asili ya ng'ombe. Walishtaki, na mwaka 2002 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 10 kwa makundi ya Wahindu, wasiokula nyama na wengineo. Picha ya mbele ya pakiti haikwambii kitu. Tambi za "ladha ya kuku" zinaweza zisiwe na kuku hata kidogo, na krips za "ladha ya nyanya" zikawa na maziwa.

Haya ya maziwa ndiyo ningependa yakukae kuliko yote. Nguruwe na wadudu ni suala la imani na la moyo, na moyo unatulizwa. Mtoto mwenye mzio wa maziwa anaweza kupoteza maisha. Na unga wa maziwa umejaa mahali ambapo hakuna anayeutafuta: krips, biskuti, mkate, soseji, chokoleti nyeusi, unga wa supu wa pakiti. Hauandikwi "milk" kila mara. Tafuta "whey", ambayo ni maji yanayobaki jibini ikitengenezwa, yakakaushwa kuwa unga. Tafuta "casein" au "caseinate", ambayo ni protini ya maziwa. Mayai nayo hujificha kwenye mayonezi na baadhi ya tambi. Samaki wadogo waitwao anchovi wamo kwenye ile sosi nyeusi ya Worcestershire ambayo baadhi yetu tunaitia kwenye nyama ya kuchoma.

Nisieleweke vibaya. Mtoto anayejaa gesi na kuharisha baada ya kikombe cha maziwa huenda tumbo lake halimudu sukari ya maziwa tu, na vumbi la krips halitamdhuru sana. Mzio ni kitu kingine: vipele vinavyovimba, midomo au macho kuvimba, kutapika, kupumua kwa shida, mara nyingi dakika chache baada ya kula. Ukiona anahema kwa shida au anavimba uso, usimpe maziwa mengine "kuua sumu", kama majirani watakavyoshauri. Mkimbize hospitali. Na akishatambuliwa, mwalimu, dada wa nyumbani na bibi yake wapewe majina hayo matatu yakiwa yameandikwa kwenye karatasi. Bibi hasa, maana bibi hubembeleza kwa biskuti.

Kwa anayetaka jeli isiyo na mnyama, zipo. Kwenye pakiti tafuta pektini, E440, inayotoka kwenye maganda ya machungwa na matofaa. Au agari, E406, na karajini, E407, ambazo zote ni za mwani. Hiyo ya mwisho ina undugu na sisi. Mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani tangu 1989 husafirishwa ukiwa mkavu kwenda nje, huko hutolewa karajini, kisha inaweza kurudi kwetu ndani ya aiskrimu na dawa ya meno.

Nyumbani tumia agari. Watu wa pwani wanaopika faluda wanaijua kwa jina la chaina grasi, na maduka ya vifaa vya keki huiuza ikiwa unga. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kimoja cha juisi ya embe au pasheni. Koroga ikiwa baridi, chemsha dakika mbili tatu, mimina kwenye sahani bapa. Itaganda mezani hata bila friji. Juisi ikiwa kali sana haigandi vizuri, ongeza maji na sukari kidogo. Kwa walio chini ya miaka mitatu kata vipande vidogo sana na ukae nao wakila, jeli hukaba. Usitegemee ivutike kama dubu wa dukani, hii hukatika. Kwangu mkubwa hulalamika kila mara, mdogo hunyamaza na kumaliza sahani.