Mkulima na Shamba Lake: Utupa na Mwarobaini Dhidi ya Viwavi



Mwaka 2017 mdudu mgeni alionekana Tanzania. Jina lake ni kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni bara la Amerika. Hupenda sana mahindi machanga. Mtama na pamba pia hula. Shamba likiliwa, nyumba nzima inakosa ugali.

Utamtambua kwa alama mbili. Kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia ana madoa meusi 4, yamekaa kama pembe za mraba.

Dawa za dukani zipo, lakini bei yake ni kubwa kwa wengi wetu. Ipo mimea miwili inayoweza kutusaidia: utupa na mwarobaini.

Kwa nini tuichanganye? Mbegu za mwarobaini humfanya kiwavi aache kula. Tena hushindwa kujivua ngozi, kwa hiyo hakui. Lakini hafi mara moja. Majani ya utupa yana sumu inayomwua. Mmea mmoja humzuia, wa pili humwua.

Fanya hivi:

1. Twanga kokwa za mwarobaini nusu kilo.
2. Twanga majani ya utupa kilo 1.
3. Loweka vyote katika maji lita 10 usiku kucha. Funika.
4. Chuja kwa kitambaa. Yeyusha humo kipande kidogo cha sabuni ili dawa ishike majani.

Nyunyizia jioni, kwa sababu jua kali huharibu dawa hii. Lenga kwenye moyo wa mhindi. Humo ndimo kiwavi anamojificha. Jaribu kwanza mistari michache. Mvua ikiosha dawa, rudia.

Dawa hii huwaweza viwavi wadogo. Wakubwa ni wagumu kufa. Basi kagua shamba mara mbili kwa wiki. Ukiona mayai, yaponde kwa vidole.

Hadhari! Utupa huua samaki. Usioshe vyombo vyake mtoni wala ziwani. Usitumie sufuria ya kupikia. Usitumie ndoo wala pipa kutoka machimboni. Huenda vina zebaki, nayo ni sumu. Funika pua na mdomo unapotwanga. Weka dawa mbali na watoto. Ukimaliza, nawa kwa sabuni.

Maswali:

1. Kwa nini tunanyunyizia jioni?
2. Kiwavi wa shambani kwako ana alama gani?